Kuchagua grisi ya sahani ya kuunganishia trela

Grisi ya beringi za magurudumu haifai hapa. Sahani, ile ya nyuma ya kichwa cha lori ambayo trela hukalia, inabeba tani nyingi huku ikisuguana polepole, chuma kwa chuma, na grisi laini hukamuliwa ikaisha kona chache tu. Chukua grisi ya lithiamu kompleksi, daraja NLGI 2 (kipimo cha uzito wa grisi), yenye alama EP (ya kuhimili shinikizo kubwa) na molibdeni daisalfaidi ya asilimia 3 hadi 5. Hiyo molibdeni ndiyo inayobaki katikati ya vyuma grisi yenyewe ikishasukumwa pembeni. Kwenye mvua nyingi au chumvi, grisi ya kalsiamu salfoneti huvumilia maji zaidi.

Usipake mpya juu ya kuukuu. Kwangua yote, futa, halafu jaza mifereji ya sahani na upake kingpini, yaani pini ya chini ya trela, pamoja na taya zinazoibana. Grisi iliyokaa muda mrefu imejaa mchanga. Ukiisugua kati ya vidole inakwaruza kama msasa, na ndivyo inavyoila kingpini. Kuchanganya aina mbili nako ni hatari: grisi ya lithiamu ikikutana na ya poliurea mara nyingi hulainika na kutiririka.

Pini ambazo komeo la taya na mkono wa kufungulia huzungukia zinataka oili nyepesi. Grisi nzito ikiganda huko, taya hazifungi sawasawa.

Sahani yenye bitana za plastiki haipakwi grisi juu, ila taya bado zinahitaji.

Usukani ukiwa mzito kwenye kona na gari likichelewa kunyooka, anza kukagua sahani kavu.