Kuonyesha osmosisi kwa kiazi na chumvi

Mwalimu wa Goma asiye na maabara anaweza kuwaonyesha wanafunzi jinsi maji yanavyopita kwenye utando wa seli bila seli kutumia nguvu zake, yaani osmosisi, mradi apate kiazi ulaya kibichi, chumvi na glasi mbili. Kata vipande viwili vya sentimita 5 kamili, utumbukize kimoja katika maji matupu na kingine katika maji yaliyokorogwa vijiko viwili vya chumvi, kisha usubiri saa 2. Kiazi kilichochemshwa hakifai, kwa kuwa moto huharibu utando.

Kipande cha maji ya chumvi kitalegea na kufupika kidogo, kwa sababu utando, ambao kiini chake ni mafuta, hupitisha maji kwa wepesi lakini huzizuia ioni za chumvi (chembe zake zenye chaji ya umeme), hivyo maji ndiyo yanayohamia upande wenye chumvi nyingi. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani kwamba chumvi ndiyo iliyosafiri. Kipande kingine hukakamaa, wala seli zake hazipasuki, maana ukuta wa selulosi huzibana.