Kununua nyumba Dar ukiwa mgeni wa jiji

Nyumba ya Dar nenda kaiangalie wakati wa masika, Machi hadi Mei. Kiangazi kila kiwanja ni kizuri. Mimi hutazama ukuta kwanza. Nikiona alama ya tope usawa wa goti, au rangi mpya iliyopakwa chini tu, naondoka: hapo mafuriko huenda yalishafika. Kisha nakaa kwa mama ntilie wa jirani, naagiza chai, nauliza mvua ikinyesha maji hufika wapi. Kama kuna mto, pima mita 60 kutoka ukingoni: ndani ya hapo sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu. Namba ya hati ifanyiwe upekuzi, yaani iangaliwe kwenye daftari mmiliki ni nani, kwa Msajili wa Hati kabla hujatoa hata shilingi. Muuzaji ana mke au mume? Ridhaa iwe ya maandishi. Serikali ya mtaa nenda mwenyewe kuulizia nyumba hiyo, bila dalali.