Namna ya Kutafakari ili Kusaidia Kushusha Shinikizo la Damu

Mgonjwa wa presha akishauriwa aketi kimya na kufuatilia pumzi zake, huenda akadhani anapozwa tu kwa maneno. Hata hivyo, Herbert Benson, daktari wa moyo wa Chuo Kikuu cha Harvard, alishiriki katika uchunguzi uliobaini kwamba watu waliozoea kutafakari, wanapokuwa katika utulivu huo, hutumia oksijeni kidogo zaidi na mapigo ya moyo wao hupungua. Mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilikubali kwamba zoezi hili linaweza kuongezwa juu ya matibabu ya kawaida, ingawa ushahidi wake bado haujakamilika. Neno la kuzingatia hapo ni "kuongezwa": kutafakari kwa kawaida hushusha presha kwa milimita chache tu za zebaki (kizio cha kupimia presha), hivyo hakuchukui nafasi ya vidonge wala ya kupunguza chumvi.

Mtu anapokuwa na hofu au hasira, adrenalini, homoni ya kuuandaa mwili kwa hatari, humwagika katika damu, moyo hudunda kwa kasi na mishipa hubana. Pumzi ya taratibu huurudisha mwili upande wa pili, kwa kuwa wakati wa kutoa pumzi neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni, huupunguza moyo mwendo. Unaweza kulithibitisha hili mwenyewe: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, kisha toa pumzi polepole, na huenda ukahisi mapigo yakiachana kidogo, halafu yakikaribiana tena unapovuta hewa.

Ili kuanza, chagua saa ambayo hutasumbuliwa, uketi kwenye kiti chenye egemeo huku nyayo zikikanyaga sakafu na mikono ikiwa imelegea mapajani. Kulala chali si kosa, ila wengi huishia kusinzia. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, ukiliacha tumbo lijae, kisha itoe ukihesabu hadi 6, bila kuizuia katikati na bila kuisukuma kwa nguvu. Ukihesabu kwa sekunde, utapata pumzi 6 kwa dakika. Ukihisi kizunguzungu, rudi kwenye pumzi zako za kawaida.

Baada ya pumzi chache mawazo yatakuwa yameshatoroka kwenda kwenye deni, ugomvi wa jana au kazi iliyobaki. Wengi hukata tamaa hapa wakidhani wameshindwa, ilhali kule kugundua kwamba umetoroka na kurudi kwenye hesabu ndiko zoezi lenyewe. Ukirudi mara 30, umefanya zoezi mara 30. Anza na dakika 5 kila siku, uongeze taratibu hadi 15 au 20. Kwa maoni yangu, dakika 5 zisizokosekana ni bora kuliko saa nzima ya Jumapili moja moja. Iwapo kufumba macho kunakuletea kumbukumbu nzito au wasiwasi, yafumbue na usimamishe zoezi, kwani si kila mtu hupata utulivu kwa njia hii.

Katika kupima ndipo watu hujidanganya. Kipimo kinachochukuliwa mara tu baada ya kutafakari huwa kizuri kuliko hali halisi ya siku, na wapo wanaorudia kupima hadi mashine iwape namba wanayoipenda. Pima saa ile ile kila siku, ikiwezekana asubuhi kabla ya kumeza dawa, ukiwa hujanywa kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa iliyotangulia na ukiwa umekwenda haja ndogo. Pumzika dakika 5 bila kuzungumza, funga mkanda wa mashine kwenye ngozi tupu, mkono ukiegemezwa usawa wa moyo, kisha chukua vipimo 2 vinavyopishana dakika 1 na uviandike vyote, hata kile kisichokufurahisha.

Namba zikifika 180 kwa 120, nawe una maumivu ya kifua, unakosa pumzi, umelegea upande mmoja wa mwili au maneno hayatoki vizuri, usikae kutafakari. Nenda hospitali mara moja. Namba zisipofika huko na dalili hizo zisipokuwepo, baada ya wiki kadhaa mpelekee daktari daftari lako. Namba zikiwa zimeshuka, au ukiona kizunguzungu kila unaposimama, yeye ndiye wa kuamua kama kipimo cha dawa kibadilishwe.