Kusoma Historia ya Nyumba ya Wageni ya Kando ya Mto kwa Postikadi za Zamani

Anayetaka kuandika historia ya nyumba ya wageni ya zamani kando ya Mto Pangani, mkoani Tanga, aanze na mgongo wa postikadi kabla hajaitazama picha, kwa kuwa huko ndiko miaka ilikojificha. Ikiwa hakuna mstari unaotenga anwani na ujumbe, na salamu zimebanwa pembezoni mwa picha, kadi hiyo ya Kijerumani kwa kawaida ni ya kabla ya 1905. Mwaka huohuo, katika koloni la Wajerumani, stempu zilizohesabiwa kwa pesa, sarafu ndogo ya wakati huo, zilipisha za heller, sarafu iliyotuachia neno hela. Stempu yenye kichwa cha twiga ni ya Tanganyika ya Waingereza, kuanzia 1922. Muhuri wa posta huonyesha siku kadi ilipotumwa, si siku picha ilipopigwa.

Kisha zipange kadi mezani, uchague kitu kisichohama, kama vile pembe ya baraza, na ulinganishe paa, madirisha na miti kwa lenzi. Upana wa mto usikupotoshe, maana mdomoni maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Rangi nazo usiziamini: nyingi zilitiwa Ulaya na watu wasioijua Pangani.

Wapelekee wazee nakala, si kadi zenyewe, na uwaulize kwanza kuhusu mpishi au mtumishi aliyesimama mlangoni na sinia, kwani maelezo yaliyochapwa hutaja jengo na kumwacha yeye bila jina.