Umefanyiwa oparesheni ya kupunguza unene? Soma hapa namna ya kula na kuulinda mwili

Wengi wakishatoka hospitali macho yote yanakuwa kwenye mzani, kilo zinashuka, nguo zinapwaya, na kweli una haki ya kufurahi maana umeteseka sana. Ila nakuomba sana usiishie hapo. Hilo tumbo halifanyi tena kazi kama zamani, na upungufu wa vitamini unakuja kimya kimya, unaweza ukamaliza mwaka mzima unajiona mzima kabisa kumbe akiba ya mwili inaisha.

Kwanza jua umefanyiwa ipi. Ya slivu wanatoa kabisa kama asilimia 80 ya mfuko wa chakula, kinachobaki ni kama bomba jembamba. Ya baipasi wanakuachia kifuko cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani, halafu wanakiunga na utumbo mwembamba huko chini zaidi, kwa hiyo chakula kinaruka sehemu ya mwanzo ya utumbo na hapo ndo mwili ulikuwa unafyonza madini ya chuma na kalsiamu kwa wingi. Vitamini B12 nayo ili ifyonzwe inategemea asidi na protini maalum vinavyotengenezwa na tumbo lenyewe. Ndo maana hata ule vizuri kiasi gani, chakula peke yake hakitoshi.

Wiki za mwanzo ni vya kunywa tu, vinakuja vya kusagwa, halafu vilaini, chakula cha kawaida mara nyingi ni kuanzia wiki ya 6 au ya 8. Ratiba ya dokta wako ndo ya kufuata, usiruke hatua, ndani kuna kidonda kinapona.

Sasa ukifika kwenye kula kwenyewe, chukua sahani ndogo na kijiko cha chai. Kata samaki kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, tafuna mara 20 au 30 mpaka kiwe uji, meza, weka kijiko chini, tulia kidogo ndo uchukue kingine. Utafika mahali unasikia kubanwa chini ya kifua, wengine kwikwi inaanza, wengine pua inachuruzika. Hapo acha. Usiseme ngoja nimalizie hiki kimoja, nilimuona dada yangu anamalizia hicho kimoja, kikakwama, mate yakajaa mdomoni, anashika kifua hawezi hata kuongea mpaka alipotapika.

Kwa kuwa nafasi ni ndogo, protini ndo inatangulia, mboga zinafuata, wanga mwisho kama bado kuna nafasi. Lengo ni gramu 60 mpaka 80 za protini kwa siku na yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo miezi ya mwanzo wengi wanaongezea protini ya unga. Usisubiri njaa, maana njaa inaweza isije kabisa, kula kwa saa. Maji usinywe pamoja na chakula, subiri nusu saa baada ya kula, halafu kunywa funda dogo dogo kutwa nzima mpaka ufikishe lita moja na nusu, ukikosa maji choo kinakuwa kigumu na kichwa kinauma.

Vitu vya sukari, hasa kwa waliofanyiwa baipasi, vinaleta kitu kinaitwa dampingi. Sukari inaingia kwenye utumbo kwa mkupuo na kuvuta maji, ndani ya nusu saa moyo unaenda mbio, jasho, tumbo linasokota, unaharisha. Kuna nyingine inakuja baada ya saa 1 mpaka 3, sukari ya damu inashuka unaanza kutetemeka. Soda na juisi achana nazo.

Vidonge vya vitamini ni vya maisha, hapa ndo watu wengi wanalegea na inaniumiza. Multivitamini, B12, vitamini D, chuma, na kalsiamu miligramu 1200 mpaka 1500 kwa siku, lakini usimeze zaidi ya 600 kwa mara moja na usichanganye na chuma, vipishane angalau saa 2. Damu ipimwe mara kadhaa mwaka wa kwanza, baadae kila mwaka hata kama unajisikia vizuri. Nywele kunyonyoka mwezi wa 3 mpaka wa 6 baada ya oparesheni ni kawaida na huwa zinarudi, ila zikiendelea kapime.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki usimeze bila kumuuliza dokta, zinaleta vidonda vya tumbo, sigara hivyo hivyo. Mimba isubiri miezi 12 mpaka 18 baada ya oparesheni.

Na kama unatapika siku kadhaa mfululizo usikae nyumbani. Vitamini B1 inaisha haraka sana, ukianza kuona vitu viwili viwili, kuyumba ukitembea au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura, nenda hospitali saa hiyo hiyo, na wewe au aliyekupeleka mwambieni daktari kwamba ulifanyiwa oparesheni ya tumbo, ili B1 itangulie kabla hajakutundikia dripu ya glukosi.