Mimea ya mitungi ndani ya nyumba Mombasa: anza na maji

Mtu akiniletea mmea wa mtungi unaonyauka, namuuliza kwanza anautilia maji gani. Akijibu maji ya kisima au ya mfereji, huwa sina haja ya kuuliza zaidi. Hapa Mombasa tumejaliwa hewa ambayo mkuzaji wa Ulaya huitafuta kwa mashine na kwa gharama. Maji yetu ndiyo yanayoua.

Kwa asiyeujua, mmea huu kwa jina la kisayansi ni Nepenthes. Ncha ya jani lake hurefuka ikawa ukamba mwembamba, na mwisho wa ukamba huo hufanyika mtungi wenye mdomo unaoteleza, kifuniko juu na majimaji ndani. Mdudu hufuata utamu wa mdomoni, huteleza, huzama, kisha mmea humyeyusha polepole na kunyonya naitrojeni yake. Aina zake zinapita 150, nyingi za Borneo, Sumatra na Ufilipino. Porini bara la Afrika haumo, lakini majirani zetu wa Bahari ya Hindi wanao: Shelisheli ina Nepenthes pervillei, na Madagaska ina Nepenthes madagascariensis, ambao Mfaransa Étienne de Flacourt aliuandika mwaka 1658.

Shika jambo moja na mengine yote utayaelewa: mmea huu umezoea ardhi maskini. Umejifunza kula wadudu kwa sababu chini hakuna chakula, kwa hiyo mizizi yake ni myembamba na haivumilii chumvi wala mbolea. Ule ukarimu tunaoupa mchicha na mnazi, wenyewe ni sumu kwake.

Maji

Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Kisima kilichochimbwa humo hutoa maji yenye chokaa nyingi, na karibu na pwani hutoa chumvi ya bahari pia. Kuchemsha hakutoshi: sehemu ya chokaa huganda sufuriani, lakini chumvi nyingine haiondoki. Maji yakipungua, chumvi hiyo hubaki ile ile, tena ikiwa imekolea zaidi. Dawa ya kutibu maji ya kunywa nayo huua vijidudu tu, chokaa haiigusi.

Nunua kipima chumvi cha maji, kile kidogo kama kalamu kinachoonyesha namba ya ppm, yaani sehemu za chumvi katika sehemu milioni za maji. Kwa maoni yangu ndicho chombo cha kwanza kununua, hata kabla ya mmea wenyewe. Tafuta maji ya chini ya 50. Hadi 100 mmea utavumilia, kupita hapo unaujaza chumvi kidogo kidogo. Dalili zake ni ncha za majani kugeuka kahawia na ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu.

Maji bora ni ya mvua. Masika yakianza, acha mvua ya kwanza ioshe mabati, maana upepo wa bahari huacha chumvi na vumbi juu ya paa. Kinga baada ya hapo, uweke kwenye jerikeni zilizofungwa, mahali pa kivuli. Si maji mengi yanayohitajika. Mimea yangu miwili, katika vyungu vya upana wa sentimita 15, haimalizi jerikeni mbili za lita 20 kuanzia Januari hadi mwisho wa Machi. Yakikwisha, jaribu maji yaliyochujwa ya dukani, lakini yapime kwanza kwa sababu baadhi ya wauzaji hurudisha madini ili yapate ladha. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi huwa na chumvi kidogo pia, ila yamepita juu ya chuma na vumbi. Mimi huyatumia nikikosa kabisa.

Tia maji kwa juu mpaka yatoke chini, kisha uyaache yachuruzike. Chungu kibaki na unyevu bila kukaa ndani ya maji, kwa kuwa mizizi ya Nepenthes huoza upesi ikikosa hewa.

Kitu cha kupandia

Ukienda kwenye vitalu vya kando ya barabara utapewa udongo mwekundu na samadi. Kwa mmea huu kataa, hata kama muuzaji ana nia njema. Kataa pia mchanga wa pwani, maana umejaa vipande vya makombe na matumbawe.

Wakuzaji wengi duniani hutumia kuvumwani ya sphagnum iliyokaushwa, mmea mdogo laini wa vinamasi unaoshika maji. Ikipatikana ni nzuri, ila hutoka mbali na bei yake ni kubwa. Sisi tuna makumbi ya nazi, na yakitayarishwa vizuri yanafaa sana. Yakate vipande vya sentimita moja au mbili, yaloweke siku nzima, mwaga, loweka tena. Rudia mara nne au tano mpaka kipimo cha maji unayomwaga kishuke karibu na kile cha maji uliyotilia, na mara ya mwisho tumia maji ya mvua. Usichukue makumbi yaliyofukiwa kwenye matope ya bahari kwa ajili ya usumba (nyuzi za kusokotea kamba), kwani yamekunywa chumvi ambayo huimalizi kwa kuosha. Changanya sehemu mbili za makumbi na sehemu moja ya mawe mepesi ya volkeno, aina ile ya kusugulia visigino, ambayo wakulima wa maua Naivasha huyatumia kupandia. Ongeza vipande vichache vya mkaa. Chungu cha plastiki ni bora kuliko cha udongo, ambacho hunywa chumvi na kuihifadhi.

Unyevu wa hewa

Mtungi huanza kama kidole kidogo kwenye ncha ya ukamba. Hewa ikiwa kavu wakati huo, kidole husimama, hukauka na kuwa cheusi ilhali jani lenyewe ni zima. Mmea unataka unyevu wa asilimia 60 hadi 80. Mombasa asubuhi hewa hupita 80, na adhuhuri mara nyingi hubaki 60 au zaidi. Basi fungua dirisha, na kazi imekwisha.

Taabu huanza kwenye chumba chenye kiyoyozi, kwa sababu chombo hicho hukamua unyevu hewani siku nzima. Nimeona mimea mizuri ikiwekwa mapambo kwenye mapokezi ya ofisi, na baada ya miezi miwili haina mtungi hata mmoja. Kama chumba chako ndicho hicho, weka mmea ndani ya tangi la kioo la samaki, ulifunike theluthi mbili tu ili hewa ipite, kwani hewa iliyosimama huleta ukungu. Jua kali lisilifikie tangi, litawaka kama tanuri. Kunyunyizia maji mara mbili kwa siku kunatuliza moyo wa mwenye mmea, lakini unyevu wake hudumu dakika chache.

Nuru

Mmea ulionyimwa nuru huwa na majani marefu, laini, ya kijani kibichi sana, bila mitungi. Dirisha la mashariki ndilo ninalolipenda: jua la saa moja hadi saa nne asubuhi linatosha na haliunguzi. La magharibi liwekee pazia jepesi, hasa wakati wa kaskazi. Madirisha ya kaskazini na kusini hubadilishana zamu. Sisi tuko digrii 4 kusini ya ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi hadi mapema Oktoba jua la saa sita liko upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki liko kusini. Mmea uliostawi Julai unaweza kukosa nuru Desemba ukiwa pale pale.

Nyumba za Mji wa Kale zilizobanana, ambazo jua haliingii, zitumie taa nyeupe ya LED ya kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga), sentimita 25 hadi 30 juu ya mmea, saa 12 hadi 14 kwa siku. Stima ikipotea jioni moja, usihangaike.

Chakula, na mbu

Usiutilie nyama. Itaoza, itanuka, na mtungi utakufa. Sisimizi na nzi wanaojileta wenyewe wanatosha, na mmea wa ndani kabisa mpe kumbikumbi mmoja au wawili kwa mwezi mvua zikiwaleta. Mdudu aliyeuawa kwa dawa ya kupuliza asitumike. Majimaji ya mtunguni usiyamwage. Yakimwagika njiani, rudishia maji ya mvua mpaka theluthi ya mtungi.

Hili la mbu nalisema kwa uzito. Tulipata homa ya dengue mwaka 2013, na chikungunya mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Mbu anayeeneza magonjwa hayo, Aedes aegypti, huzaa kwenye maji machache ya nyumbani, kama ya kisahani cha chungu, na kwenye joto letu yai huwa mbu kwa muda wa siku kama kumi au pungufu. Mwaga kisahani kila siku tatu na ukisugue pembeni, mayai hushika hapo. Jerikeni zisikae wazi hata usiku mmoja.

Kuchagua na kununua

Chagua aina za nyanda za chini: Nepenthes rafflesiana, gracilis, mirabilis au ampullaria, huu wa mwisho ukivumilia kivuli kuliko wenzake. Anayeanza achukue chotara anayeitwa ventrata, ni mstahimilivu. Nepenthes rajah ni wa milima ya Borneo na hutaka usiku wa baridi. Usiununue kwa Mombasa, picha yake ikupendeze vipi.

Ukiagiza kutoka nje, pata kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla mmea haujaondoka huko, uje na cheti cha afya ya mimea na mizizi isiyo na udongo. Nepenthes zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo muuzaji lazima atoe karatasi hizo pia.

Ukifika nyumbani, mmea utakausha mitungi yake ya zamani, pengine yote. Usiuhamishe kila wiki wala kuongeza maji. Tazama jani jipya kabisa: likitoka imara na kidole kwenye ncha yake kikaanza kuvimba, mmea umekubali mahali ulipouweka. Jambo hilo huweza kuchukua miezi miwili au mitatu.