SOMO: Kuhamisha mpaka wa kiwanja uliokwisha kuchorwa, bila kuchora upya

Wakuu, swali la "nina poligoni (umbo la mpaka) kwenye ramani moja, naipelekaje kwenye nyingine" nimelijibu hadi vidole vimechoka. Naliandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena bila kusoma, asishangae nikikaa kimya.

Kwanza tuelewane. Mpaka uliochora kwenye programu za ramani kama My Maps ya Google, Google Earth au geojson.io si picha. Ni orodha ya koordineti za kona, kwa mpangilio wake. Kiwanja cha kona nne kina mistari mitano ya namba, kwa kuwa kona ya kwanza inarudiwa mwishoni ili umbo lifunge. Ukiihamisha orodha kama ilivyo, mpaka hausogei. Ukichora upya kwa kukisia juu ya picha ya setilaiti, umetengeneza kiwanja kingine chenye jina lilelile.

1. Kwenye My Maps, weka umbo unalolitaka kwenye leya (tabaka la ramani) yake peke yake. Lipe jina linaloeleweka: kitalu na namba ya kiwanja, si "shamba jipya 2".

2. Bofya vitone vitatu pembeni ya jina la ramani, nenda sehemu ya kutoa KML, yaani faili la maandishi linalobeba koordineti. Chagua leya hiyo, usichague ramani nzima.

3. Hapa ndipo nilipoponzeka, na ndipo wengi wenu mnapoponzeka. Kwenye kidirisha hicho kuna visanduku viwili vya tiki. Kimoja kinasema data iendelee kujisasisha kwa kiungo cha mtandaoni. USIKITIKI. Ukikitiki, faili utakalopata halina kona hata moja, lina anwani tu ya kwenda kuzisoma kwenye ramani ya asili. Kwako litafunguka vizuri kwa sababu ramani ni yako, kisha ukimtumia mwenzako anaona patupu na anakuona tapeli. Ukifuta ramani ya asili, na wewe umepoteza. Kisanduku cha pili, cha kutoa KML badala ya KMZ, hicho kitiki: KMZ ni KML iliyozipiwa, na hutaweza kuisoma kwa macho kwenye hatua ya 4. Dalili ya faili bovu: ni dogo mno, na ukilifungua hukuti namba zozote, unakuta anwani ya tovuti.

4. Fungua faili kwa Notepad kabla ya kulipeleka popote. Tafuta mstari wenye namba. Kwa Arusha mjini kila kona inaanza na 36, mkato, kisha -3. Kwa Moshi ni 37, mkato, kisha -3. Longitudo kwanza, latitudo baadaye. Hesabu na tarakimu baada ya nukta: sita ni kama sentimita 11, tano ni kama mita moja, tatu ni mita 111. Ukikuta tatu, kuna mtu alizipitisha Excel ikazifupisha. Rudi kwa aliyekupa.

5. Kwenye ramani mpya ongeza leya tupu, ingiza faili. KML isizidi MB 5, na ramani moja ya My Maps haibebi zaidi ya leya 10.

6. Bofya umbo, linganisha eneo na mzingo na vya ramani ya kwanza. Vikitofautiana, usiendelee.

Kumbuka hiyo sasa ni nakala. Ukirekebisha kona moja huku, kule haibadiliki. Amua ipi ndiyo mama, iandike kwenye jina, na marekebisho yote yaanzie hapo.

Kwa wenye namba za E (mita za kwenda mashariki) na N (mita za kwenda kaskazini) kutoka kwenye ramani ya upimaji: hizo haziingii My Maps moja kwa moja. Maeneo yetu E ina tarakimu sita (Arusha mjini ni kama 242,000, Moshi kama 315,000) na N ina tarakimu saba, inaanza na 96. Tumia QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, kuzigeuza, lakini soma kwanza pembeni ya ramani zimepimwa kwa mfumo gani. Ramani nyingi za zamani ni mfumo wa Arc 1960, zoni (ukanda wa kupimia) 37 kusini, msimbo wake ndani ya QGIS 21037. Ukiiambia QGIS kuwa ni WGS 84, mfumo wa GPS, kiwanja kitaruka kama mita 300 kaskazini na karibu mita 90 magharibi. Kinatua shamba la mtu na kinapendeza kabisa, umbo halijapinda hata kidogo, ndiyo maana watu hawashtuki. QGIS ikikuuliza njia ya kugeuzia, chukua ya Tanzania. Ya Kenya inakuachia mita kadhaa pembeni. Ukiona TAREF11, huo ni mfumo mpya wa Tanzania, usiulazimishe kuwa Arc 1960. Na walio upande wa Mto wa Mbu na Karatu, ninyi mko zoni 36, msimbo 21036. Makuyuni bado ni 37.

MASWALI

chalii_sakina: Mkuu kiwanja changu cha Njiro kimetokea pwani ya kusini ya Hispania. Hii app ni mbovu.

Mwandishi: App ni nzima. Umeanza na -3. Hatua ya 4.

chalii_sakina: Sawa, nimeona. Lakini mbona nikitafuta kwenye Google Maps naanza na -3 na inakubali?

Mwandishi: Sasa hilo ni swali. Sanduku la kutafutia linafuata desturi ya mabaharia, latitudo kwanza. KML na GeoJSON (muundo wa faili wa geojson.io) zinafuata desturi ya hesabu za grafu, x kisha y, na x ni longitudo. GeoJSON imeandikwa hivyo kwenye kanuni yake, RFC 7946 ya 2016. Kwa hiyo namba za kunakili kutoka Google Maps lazima uzigeuze. Ukisahau alama ya kutoa, kiwanja kinakwenda kaskazini mwa Kenya, mashariki ya Ziwa Turkana. Kosa kubwa hivyo ni zawadi, unaliona papo hapo.

fundi_usa_river: Nimehamisha vizuri ila poligoni imepishana na ukuta kwenye setilaiti, nikaisogeza kidogo ikae sawa.

Mwandishi: Irudishe. Picha ya setilaiti yenyewe inaweza kuwa imekaa pembeni mita kadhaa, na ya mwaka mwingine ikakaa pembeni kivingine. Namba zikitoka kwa mpima, picha ndiyo iliyokosea.

fundi_usa_river: Na kama ukuta ndio ulijengwa vibaya?

Mwandishi: Basi mwite mpima atafute bikoni, zile alama za kona zilizosimikwa ardhini. Kompyuta haitakuambia.

dalali_kwa_mrombo: Naomba unirushie KML za viwanja vyote vya huku kwetu.

Mwandishi: Hapana. Mipaka ya watu si njugu.

dalali_kwa_mrombo: Mimi nauliza tu kistaarabu. Na hii nikiichapisha si inatosha kupata hati?

Mwandishi: Haitoshi. Hati inahitaji upimaji wa mpima aliyesajiliwa, na ramani iliyoidhinishwa.

mama_wa_kibosho: Shikamoo mwalimu. Kihamba cha familia, shamba letu la urithi, tunakigawa mara mbili. Nimenakili umbo, nikakata kila nakala kwa mkono, katikati pamebaki ufa mwembamba kama uzi. Nifanyeje?

Mwandishi: Marahaba mama. Ufa huo ni kwa sababu mstari wa kati umechorwa mara mbili. Tuseme kona ni A, B, C, D. Weka nukta E kwenye upande AB na F kwenye upande CD. Fungua geojson.io, upande wa kulia kuna namba. Kipande cha kwanza kiandikwe A, E, F, D, A. Cha pili E, B, C, F, E. Namba za E na F nakili na kubandika, usizibofye upya kwenye ramani hata ukiwa na jicho la mwewe. Jirani anayepakana na upande AB naye mwongezee E kwenye umbo lake. Mwisho jumlisha maeneo mawili, lazima yarudi kwenye jumla ya kihamba.

mama_wa_kibosho: Asante sana. Imefunga. Ila jumla inasoma mita za mraba 4,100, na sisi tumezoea kuambiwa ni ekari moja ya hatua 70 kwa 70.

Mwandishi: Ekari ni mita za mraba 4,047, sawa na mita 63.6 kila upande. Hatua 70 zinakaribia hapo kama hatua ni ya sentimita 91. Mtu akizigeuza kuwa mita 70 kwa 70 anapata 4,900, na ndipo ugomvi unapoanza. Cha kwenu kiko sawa kabisa na hatua za wazee.

kijana_marangu: Nikienda mwenyewe na simu kufuata masale, ile mimea ya mpakani?

Mwandishi: Mahali pa wazi simu inakosea mita tatu hadi tano, chini ya migomba zaidi. Kwa kihamba chembamba hiyo ni sehemu kubwa ya upana. Itumie kujua masale yanapinda wapi, kisha pima urefu kwa utepe kutoka bikoni hadi pale yanapopinda.

kijana_marangu: Utepe wa mita 30 au 50?

Mwandishi: 50, na uwe wa fibaglasi. Wa chuma unapata kutu kwenye mfongo (mfereji wa maji).